Kwa mnaoanza kupima hewa Kampala: tazameni saa kabla ya namba

Namba ikipanda kwenye kifaa, msikimbilie kulaumu boda boda na majiko ya mkaa. Ulizeni kwanza ni saa ngapi, na hewa ina nafasi gani ya kupanda.

Usiku wa anga safi ardhi hupoa haraka, hewa inayoigusa nayo hupoa. Hewa baridi ni nzito. Huteremka kutoka vilima vya Kololo na Nakasero hadi mabonde kama Bwaise, na ile ya vuguvugu hukaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Ndiyo maana kipimo cha saa moja asubuhi mara nyingi huwa kibaya kuliko cha saa nane mchana, ingawa mchana nako barabara zimejaa. Jua likishapasha ardhi, moshi hupata kilomita nzima au zaidi ya kutawanyikia.

Hapa nawaomba mtulie, maana wengi hupapita. Chembechembe, yaani vipande vidogo sana vya moshi na vumbi vinavyoelea hewani, hazifungiwi tu chini ya mfuniko huo, zenyewe husaidia kuufunga. Salfeti, aina ya chembe zenye salfa, hurudisha angani sehemu ya mwanga wa jua. Masizi ya dizeli, kuni na taka zinazochomwa hufyonza mwanga na kupasha hewa ya juu yaliko. Ardhi ikapungukiwa na jua, juu kukaongezeka joto, basi hewa haipandi vizuri. Tabaka la hewa ya chini ambamo moshi hutawanyika linabaki fupi, moshi unasongamana, jua linazidi kuzuiwa. Miji ya China imechunguzwa sana kwa jambo hili. Kwetu liangalieni kiangazi, hasa Desemba hadi Februari, nyika za kaskazini zinapochomwa na moshi wake kuongezeka juu ya ule wa mji.

Kwa hiyo pamoja na chembechembe pimeni nguvu ya jua, joto na unyevu. Unyevu msiusahau kabisa: alfajiri ya ukungu chembe hunywa maji zikavimba, na vihisi vya bei nafuu vinavyotumia mwanga husoma zaidi ya kilichopo.

Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linashauri wastani wa siku usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa chembe ndogo za PM2.5. Mlinganishe nao, lakini ripoti zenu ziwe na vipimo vya saa kwa saa. Mwalimu mkuu akiuliza wanafunzi wakimbie uwanjani saa ngapi, wastani wa siku hautamjibu.