Maswali ya Wasomaji: Kitindamlo cha Mtoto Katika Bustani ya Burudani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mahali pamoja: kaunta ya aiskrimu ndani ya bustani ya burudani, mtoto amechoka kwa bembea na jua, na mzazi nyuma yake hajui akubali nini na akatae nini. Tumejibu kila swali kwa urefu unaolistahili.

Mlo wa watoto kwenye mikahawa ya bustani hizi huja na soda na kitindamlo kwa bei ileile. Binti yangu ana miaka sita. Nimnyime keki, au siku hiyo moja niiache ipite? — Mama wa watoto wawili

Kama kuna cha kukataa, anza na soda, keki iache. Soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, na mtoto huimaliza huku njaa yake ikiwa palepale. Aiskrimu laini ya gramu 100 ina gramu 20 hivi, na sehemu yake ni sukari ya asili ya maziwa, ambayo wataalamu hawaihesabu wanapoweka mipaka.

Kuhusu mipaka hiyo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Uingereza imeiweka kwa gramu ili mzazi aweze kuitumia: gramu 19 kwa siku kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, na gramu 24 kwa wa miaka 7 hadi 10. Kwa hiyo soda hiyo peke yake inakaribia kumpa binti yako kiwango cha siku mbili. Ukimpa maji au maziwa, kitindamlo kidogo kinapata nafasi bila ugomvi. Juisi si njia ya kukwepa: mililita 200 za juisi ya tufaha zina gramu 20 hivi.

Sema unachotaka kabla oda haijaingizwa, kwa sababu sinia likishafika mezani na kikombe chenye mrija, utakuwa unamnyang'anya mtoto kitu alichokwisha kukiona. Mwaka 2006 kampuni ya Disney ilibadilisha milo ya watoto katika bustani zake, ikaweka matunda au mboga badala ya chipsi, na maji, juisi au maziwa badala ya soda. Aliyetaka vile vya zamani ilibidi aviombe. Watafiti walipochunguza mauzo ya huko Florida walikuta karibu nusu ya wateja walibaki na vyakula vya pembeni vilivyowekwa, na karibu theluthi mbili walibaki na vinywaji. Mahali ambapo mkahawa haujafanya hivyo, fanya wewe.

Kisha angalia vinavyomwagwa juu. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya chokoleti kina takriban gramu 10 za sukari, na mashine ya kaunta mara nyingi hutoa zaidi ya kijiko. Omba sosi iletwe kando. Pamba ya sukari huwatisha wazazi kwa ukubwa wake, lakini sehemu kubwa yake ni hewa. Kijiti kimoja huwa na gramu 25 hadi 30, pungufu ya soda ile. Watoto wawili wakigawana, inatosha. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kikombe cha kujaziwa siku nzima. Ukikinunua, kijaze maji.

Mwanangu wa miaka mitano anapenda slashi, ile barafu ya rangi inayozungushwa kwenye mashine. Bango linasema haina sukari. Kwa nini basi watu wanaonya? — Baba msomaji

Wanaonya kwa sababu hiyohiyo ya kukosa sukari. Ili slashi isigande ikawa jiwe ndani ya mashine, inahitaji kitu cha kuizuia. Sukari hufanya kazi hiyo ikiwa kama gramu 12 kwa kila mililita 100. Sukari ikiondolewa, watengenezaji wengi huweka gliseroli, kiongezi kitamu cha chakula kinachoandikwa pia E422. Mwili mdogo ukipokea nyingi kwa muda mfupi, mtoto anaweza kuumwa kichwa, kuchafukwa na tumbo na kutapika, na ikizidi, sukari ya damu hushuka na mtoto akazimia.

Mwaka 2025 mamlaka ya chakula ya Uingereza ilishauri kwamba watoto walio chini ya miaka 7 wasinywe kabisa slashi yenye gliseroli, na wa miaka 7 hadi 10 wasizidishe kikombe kimoja cha mililita 350. Jibu kwa mwanao, basi, ni hapana. Tunalisema kwa uzito kwa sababu bustani ya burudani inakusanya hatari zote pamoja: mtoto ana joto, amekimbia, hajala vizuri, na anakunywa haraka. Muulize mhudumu, "Ina gliseroli au E422?" Asipojua, ichukulie kwamba inayo. Mtoto akishakunywa kisha akasinzia ovyo, akapauka au akatoka jasho la baridi, mpeleke huduma ya kwanza mara moja na utaje slashi. Bila hilo mhudumu wa afya anaweza kudhani ni uchovu wa jua.

Badala yake mpe barafu ya kijiti ya matunda. Hiyo huachwa igande kabisa, kwa hiyo haina haja ya gliseroli.

Mtoto wetu ana mzio mkali wa karanga na wa maziwa. Tukiona kibao cha "haina maziwa", tunaweza kukiamini? — Wazazi wa mtoto mmoja

Kibao kinaeleza viungo. Hakielezi kiungo hicho kimepita wapi kabla ya kumfikia mtoto, na ajali nyingi hutokea njiani humo. Kijiko cha kuchotea kikitoka kwenye aiskrimu ya karanga huoshwa katika beseni moja la maji, kisha kikaingia kwenye ndoo ya barafu ya matunda. Mashine ya aiskrimu laini yenye mikono miwili huchanganya ladha katika mdomo wa katikati. Chembe za karanga zilizosagwa hudondokea vyombo vya jirani. Maandazi na vitumbua vya kaunta hukaangwa katika mafuta yaliyokwisha kukaanga vingine.

Maneno pia hupotosha. "Bila laktosi" haimaanishi bila maziwa: sukari ya maziwa imevunjwa, protini inayosababisha mzio imebaki. Sharbeti ya kugandishwa mara nyingi huwa na maziwa, wakati sorbeti kwa kawaida ni matunda, maji na sukari. Chokoleti nyeusi hukutwa mara kwa mara na maziwa yasiyotajwa kwenye orodha ya viungo. Na onyo la "huenda ikawa na karanga" ni la hiari katika nchi nyingi, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote. Umoja wa Ulaya unadai taarifa za vizio 14, yaani vyakula vinavyosababisha mzio, hata kwa chakula kisichofungwa. Marekani inadai 9 kwenye vifungashio, ufuta ukiwa umeongezwa tangu Januari 1, 2023. Soma sheria ya nchi unayokwenda, maana kizio cha mtoto wako kinaweza kuwa nje ya orodha yake.

Siku yenyewe, nenda kaunta mapema, mara tu inapofunguliwa, vijiko vikiwa safi na ndoo zikiwa hazijachotwa. Usimalize mambo na mtu wa kupokea fedha; omba msimamizi wa jikoni. Uliza: Ndoo hii imefunguliwa leo? Mnaweza kufungua mpya na kutumia kijiko kilichooshwa kwa sabuni? Mashine hii iliwahi kutiwa mchanganyiko wa maziwa tangu iliposafishwa? Glavu zimebadilishwa? Jibu la "nadhani" lihesabu kuwa ni hapana. Omba kikombe badala ya koni, kwa kuwa koni ina viungo vyake. Kwa mzio mkali kama wa mtoto wenu, chaguo letu ni kitindamlo kilichofungwa kiwandani, na lebo isomwe kila mara hata kama mlikinunua mwezi uliopita.

Sindano za adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ziwe mbili na zifuatane na mtoto. Zisiachwe kwenye kabati la kukodi wala kwenye gari lenye joto. Bembea isiporuhusu mkoba, mtu mzima mmoja abaki nazo mahali pa kutokea. Mtoto akianza kuvimba midomo, kukohoa mfululizo au kukosa pumzi, mchome upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo, mlaze, kisha ita msaada. Akishindwa kupumua akiwa amelala, aketi. Asitembezwe kwenda kituo cha huduma ya kwanza, hata kikiwa karibu, kwa sababu kusimama ghafla kunaweza kuangusha shinikizo la damu. Wahudumu ndio waje alipo. Baada ya dakika 5 bila nafuu, tumia ya pili.

Je, ni kweli sukari huwafanya watoto warukeruke? — Bibi wa wajukuu wanne

Hapana, bibi yetu. Mwaka 1995 watafiti waliunganisha majaribio 23, na hawakuona sukari ikibadilisha tabia za watoto. Bustani yenyewe, na kelele zake, inatosha kuwachangamsha. Rangi za chakula ni habari nyingine: Umoja wa Ulaya tangu 2010 unataka vyakula vyenye rangi sita fulani, zikiwemo E102, E110 na E129, viandikwe onyo kuhusu utulivu na umakini wa watoto. Mjukuu anayebadilika baada ya peremende za rangi kali, mpe za rangi isiyokolea uone tofauti.

Mwanangu wa miaka minane ana kisukari cha aina ya kwanza. Ale aiskrimu au la? — Mama yake

Anaweza kula, mradi kipimo cha insulini mkipange mapema na kliniki yake. Hesabu wanga wote, koni ikiwemo. Mafuta ya aiskrimu huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na kutembea siku nzima huishusha, wakati mwingine hadi usiku. Pima kabla ya kula, saa mbili baadaye, na kabla ya kulala.

Sukari ikishuka, usimtibu kwa aiskrimu wala chokoleti, kwa sababu ya ucheleweshaji huohuo. Tumia vidonge vya glukosi au juisi: gramu 0.3 za wanga kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 9 kwa mtoto wa kilo 30, kisha upime tena baada ya dakika 15. Insulini isipate joto la zaidi ya nyuzi 30, wala isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika. Aiskrimu ya "bila sukari" yenye maltitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, bado ina wanga, na ikiliwa nyingi huharisha. Kwenye foleni ya bembea hilo ni shida kubwa kuliko inavyosikika.

Mdogo wetu ana miaka miwili. Bisi na mashimelo? — Mzazi

Bado. Bisi, karanga nzima, peremende ngumu na mashimelo, zile peremende laini zinazobonyea, humkaba mtoto, na ushauri wa madaktari wa watoto ni kusubiri angalau hadi miaka 4. Zabibu zikatwe kwa urefu, vipande vinne kila moja. Ale akiwa ameketi, si ndani ya kigari kinachosukumwa wala kwenye bembea.

Watoto wangu hutapika kwenye treni ya kupanda na kushuka baada ya kitindamlo. Nisubiri muda gani? — Baba wa mapacha

Geuza ratiba: treni kwanza, keki baadaye. Kichefuchefu huanza macho yanapotoa habari moja na sikio la ndani likatoa nyingine, na tumbo lililojaa mafuta na krimu hukiongeza, kwani mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Wakishakula, ngoja angalau saa moja, muda huo wapande vyombo vya taratibu vinavyowaruhusu kutazama mbele. Aliyetapika mpe maji kidogo kidogo kila dakika chache, halafu biskuti kavu. Aiskrimu yake isogezwe hadi mwisho wa siku.