Lenzi iliyoanguka: kabla hujaituma kwa matengenezo

Pole sana ndugu yangu. Umesema lenzi yako ya kamera ya 50mm imeanguka na pete ya fokasi (ile unayozungusha ili picha iwe kali) imekwama. Tafadhali usiizungushe kwa nguvu, gia za ndani ni ndogo mno. Waranti kwa kawaida haihusu kitu kilichoanguka, kwa hiyo waeleze huduma kwa wateja ukweli, wakiifungua wataona. Watumie serial namba, risiti na picha. Na hili ndilo kubwa: dai makadirio ya gharama kwa maandishi kabla hawajagusa skrubu hata moja, uulize pia ada ya uchunguzi ukikataa bei yao. Kama ni ile ya f/1.8 (toleo la bei nafuu la 50mm), linganisha kwanza na bei ya mpya, maana mara nyingi kuitengeneza hakulipi.