Wasomaji Wauliza: Mwisho wa Wiki Chanthaburi, Mji wa Vito wa Thailand

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesoma Bangkok, na nyumbani kwetu ni Songea. Kaka yangu aliyewahi kuchimba Tunduru husema kwamba yakuti nyingi za kule ziliishia katika mji uitwao Chanthaburi. Nina nafasi kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili jioni, na mfuko wangu ni wa mwanafunzi. Je, niipangeje safari, na kuna la kuona zaidi ya mawe?
Mwanafunzi, Bangkok

JIBU: Kaka yako hakukosea, na siku ulizozitaja ndizo zinazofaa, kwa sababu soko la vito la Chanthaburi huchangamka kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Atakayefika Jumatatu au Jumanne ataukuta mtaa wa Si Chan umetulia na meza nyingi hazina mtu, kisha atarudi akidhani alidanganywa.

Mji huo uko yapata kilomita 245 kusini-mashariki mwa Bangkok, na hakuna reli inayoufikia. Panda basi katika kituo cha Ekkamai, ambacho kiko jirani kabisa na stesheni ya treni ya juu yenye jina hilohilo. Safari huchukua muda wa saa nne hivi barabara ikiwa nyeupe. Lakini Ijumaa jioni nusu ya Bangkok hutoka kwenda pwani ya mashariki, kwa hiyo ondoka mapema mchana, na tiketi uikate kabla ya siku yenyewe. Tafuta nyumba ya wageni karibu na mto, katikati ya mji, ili soko, kanisa na mtaa wa kale uvifikie kwa miguu bila kulipa nauli ya bajaji.

Jumamosi asubuhi, baada ya staftahi, nenda Si Chan na vichochoro vyake. Utaratibu wa soko hilo humshangaza mgeni, kwani anayekaa mezani ni mnunuzi na anayezunguka ni muuzaji. Wanunuzi hukodi meza, huwasha taa zao na kuandaa mizani, na madalali huwajia mmoja baada ya mwingine wakiwa na mawe yaliyofungwa katika vikaratasi. Utawaona wanunuzi kutoka India, Sri Lanka na kwingineko wakilichungulia jiwe kwa lenzi, wakitaja bei kwa kikokotoo badala ya mdomo, na kulisukuma kando pasipo hasira yoyote. Kutazama hakuna malipo, ila usipige picha ya uso wa mtu wala mawe yake kabla ya kuomba ruhusa.

Kuhusu Songea na Tunduru, habari yenyewe ni ndefu kidogo. Hapo zamani mawe yalichimbwa Chanthaburi kwenyewe, hasa katika kilima cha Khao Phloi Waen, na rubi zilitoka mkoa jirani wa Trat. Machimbo hayo yalipopungua, wenyeji walibaki na ujuzi ambao wengine hawakuwa nao, yaani kuchoma mawe katika tanuri hadi rangi yake ing'ae, na kwa kuwa tanuri halina kazi bila mawe, wafanyabiashara wao waliyafuata kokote yalikopatikana. Ndivyo walivyofika kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990, na baadaye Ilakaka, Madagascar, machimbo yalipofumuka huko mwaka 1998. Mnamo 2001 na 2002 soko la dunia lilijaa yakuti za rangi ya machungwa zilizotoka kwenye matanuri ya Chanthaburi, na maabara zilipozichunguza ziligundua kwamba rangi hiyo ilikuwa imeingizwa kwa joto kali pamoja na elementi ya berili. Baadhi ya mawe hayo asili yake ilikuwa Songea.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kwamba usinunue jiwe kwa matumaini ya kuliuza kwa faida. Jiwe lililochomwa kwa joto pekee ni halali sokoni na bei yake inajulikana. Lakini yako pia yaliyotiwa berili, rubi ambazo nyufa zake zimejazwa kioo chenye risasi, na mawe yaliyotengenezwa kiwandani tangu mwanzo, na jicho lisilofundishwa haliwezi kuyatenganisha. Ukitaka kumbukumbu, nunua jiwe dogo ambalo thamani yake ikipotea hutaikosea usingizi.

Jumamosi alasiri vuka daraja la miguu uende kanisa kuu la Bikira Maria, ambalo ndilo kanisa kubwa kuliko yote ya Kikatoliki nchini Thailand. Jengo la sasa ni la mwaka 1909, lakini Wakatoliki wa asili ya Vietnam walikuwa wameshafika hapo katika karne ya 18 wakikimbia mateso ya kidini kwao. Ndani yake imo sanamu ya Bikira Maria iliyopambwa kwa maelfu ya yakuti, na sioni mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi hivyo jinsi imani na riziki za mji zilivyoshikana. Ng'ambo ya pili ya mto kuna mtaa wa Chanthaboon wenye nyumba za mbao za Wachina na Wavietnam, nyingine zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Tembea humo hadi jioni. Mji huu uliwahi pia kukaliwa na majeshi ya Ufaransa kwa zaidi ya miaka kumi kuanzia 1893.

Jumapili asubuhi, chukua pikapu ya abiria, zile zenye mabenchi mawili nyuma ziitwazo songthaew, hadi maporomoko ya Phlio, mwendo mfupi nje ya mji. Kiingilio cha mgeni ni kikubwa kuliko cha raia, jambo linaloudhi lakini halina mjadala. Ndani ya hifadhi kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Chulalongkorn kumkumbuka Malkia Sunandha, aliyezama mtoni mwaka 1880. Panda basi la kurudi kabla ya alasiri.

SWALI: Assalaam aleikum. Sisi ni familia ya Kizanzibari tunaoishi Muscat, na tutakuwa Bangkok na watoto watatu. Tungependa kwenda Chanthaburi kwa ajili ya matunda. Twende mwezi gani, na chakula cha halali kinapatikana?
Mama wa watoto watatu, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nendeni Mei au Juni, wakati duriani, shokishoki na mangostini vinapoiva kwa pamoja na bei hushuka. Ni miezi ya mvua, na mkoa huu hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo bebeni makoti mepesi. Hoteli nyingi hukataza duriani vyumbani kwa harufu yake, na baadhi hukataza mangostini vilevile, kwani maji ya ganda lake hayatoki kwenye shuka; watoto wale matunda hukohuko shambani au sokoni.

Kwa chakula mjihadhari, kwa sababu kitoweo maarufu cha hapo, kilichopikwa na majani ya chamuang, ni cha nyama ya nguruwe, na supu nyingi za tambi huchemshwa kwa mifupa yake hata pale ambapo nyama haionekani bakulini. Tafuteni alama ya halali inayotolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Tambi za Chanthaburi zinazokaangwa na kaa ni tamu sana, lakini ulizeni kwanza mafuta na kikaango.

SWALI: Mhariri, mimi ni dalali mdogo Arusha. Nikienda huko kutembea, siwezi kubeba mawe machache mfukoni ili yarudishe nauli?
Dalali, Arusha

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Kutoa vito Tanzania bila kibali na bila kulipa mrabaha ni kosa, na leseni ya udalali haikupi haki ya kusafirisha mawe nje. Ukifika Thailand kwa viza ya utalii huruhusiwi kufanya biashara. Nenda mikono mitupu, kaa karibu na meza za wanunuzi wa spineli na garneti ya kijani, na uandike bei unazozisikia, rangi na ukubwa wa kila jiwe, kabla hujazungumza na mwenye leseni ya biashara kubwa hapo Arusha.