Maswali ya Wasomaji: Maili Moja, Vipimo Viwili

SWALI: Nilikokotoa umbali wa anga kati ya kiwanja cha ndege cha Saint Helena na kile cha Ascension, Atlantiki ya Kusini. Nilipata maili 703, nikazidisha kwa 1.609, ikaja kilomita 1,131. Ramani inasema ni kama 1,300. Nimekosea wapi? Na ndege huchukua muda gani?

JIBU: Maili 703 ni sahihi. Kosa lako liko kwenye kuzidisha, maana hizo ni maili za baharini, na kila moja ina kilomita 1.852; 1.609 ni ya maili ya nchi kavu. 703 × 1.852 ni kilomita 1,302.

Kwa wasiojua hesabu ilivyoanza: dakika moja ya latitudo (sehemu moja ya 60 ya digrii, si dakika ya saa) ni maili moja ya baharini. Saint Helena iko 15°57′ Kusini, 5°38′ Magharibi. Ascension 7°58′ Kusini, 14°23′ Magharibi. Tofauti ya latitudo ni dakika 479, ya longitudo 525. Longitudo hubanana kadiri unavyoiacha ikweta, kwa hiyo zidisha 525 kwa kosaini (cos kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati (karibu 12°, yaani 0.978), upate 513. Kisha tumia kanuni ya Pythagoras: zidisha 479 kwa 479 na 513 kwa 513, jumlisha, tafuta kipeo cha pili, upate karibu 702, yaani kama hizo 703 zako. Njia hii yatosha kwa safari fupi kama hii. Kwa maelfu ya kilomita, au karibu na ncha za dunia, tumia kanuni ya duara kuu (njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia), la sivyo utapotoka sana.

Angalia pia usiandike 15°57′ kama 15.57. Gawanya dakika kwa 60: ni 15.95. Kosa hilo peke yake husogeza kiwanja zaidi ya kilomita 40. Na kwenye kikokotoo, Kusini na Magharibi huwekewa alama ya kutoa.

Sasa muda. Jeti ya kiasi cha Embraer 190 hukata karibu maili 440 za baharini kwa saa ikiwa juu. 703 ÷ 440 ni 1.6, yaani saa 1 na dakika 36 (si saa 1 na dakika 60, wengi huteleza hapo). Ongeza dakika 20 hivi, kwa kuwa wakati wa kupanda na kukaribia kutua ndege haiendi kwa kasi hiyo. Weka kama saa 2. Ratiba huzidi kidogo, maana huanza kuhesabu ndege inapoondoka maegeshoni.

Upepo nao una lake. Ukivuma wa mbele kwa maili 40 za baharini kwa saa, ile saa 1 na dakika 36 inakuwa 1 na 45. Ukisukuma kwa nyuma, 1 na 28. Majira hayakusumbui hapa: visiwa vyote viwili hufuata saa ya Greenwich.

SWALI: Kiwanja kikiwa peke yake baharini, ndege hubeba mafuta ya ziada?

JIBU: Ndiyo. Pasipo kiwanja mbadala, kanuni za kimataifa hutaka ndege ya injini za turbini, kama jeti, ifike ikiwa na mafuta ya kuruka saa 2 zaidi kwa mwendo wa kawaida. Hayarefushi safari, ila uzito wake hula nafasi ya abiria au mizigo.