Wiki ya Mwisho ya Ziara Ndefu ya Baiskeli: Namna ya Kufika Mkiwa Kikundi Kimoja

Ziara ndefu ya baiskeli inayofanywa na kikundi huwa na hatari yake ya pekee inapokaribia kwisha, na hatari hiyo haitokani na milima wala upepo wa mbele, bali na mawazo ya waendeshaji kutangulia kufika kabla ya miili yao. Kwa miaka kadhaa nimeshiriki ziara za aina hii, mara nyingine nikiwa mwendeshaji wa kawaida na mara nyingine nikiwa miongoni mwa wanaopanga njia na vituo, na nimeona mara kwa mara kikundi kilichovuka mvua, jua kali na barabara mbovu kwa umoja mkubwa kikilegea pale zinapobaki kilomita mia tatu au mia nne tu. Mazungumzo ya asubuhi huhamia kwenye usafiri wa kurudi nyumbani, ukaguzi wa baiskeli unarukwa, wenye nguvu wanatangulia bila kuaga, na waliochoka wanaachwa nyuma peke yao. Ushauri wangu ni kwamba wiki ya mwisho ipangwe upya kwa kikao maalumu, nayo ihesabiwe kuwa ziara fupi inayojitegemea na yenye utaratibu wake.

Kikao hicho kifanyike zikiwa zimebaki siku tano au sita, jioni baada ya chakula, na kila mmoja awepo, akiwamo dereva wa gari la mizigo kama lipo. Msiungoje usiku wa mwisho, kwa sababu usiku huo hakuna tena linaloweza kurekebishwa. Mambo ya kuamua si mengi: mtakwenda kwa mwendo gani, nani ataendesha na nani, na mtaingiaje katika kituo cha mwisho. Suala la mwendo ndilo linalozua ubishi, kwani daima wapo wanaotaka kuunganisha siku mbili ziwe moja ili wapate siku ya mapumziko mwishoni. Mimi hupinga wazo hilo kila linapoletwa. Mwili uliochoka kwa majuma mengi hauna akiba ya kutosha kwa siku moja yenye kilomita maradufu, na mwendeshaji aliyezidiwa na uchovu huchelewa kuona shimo na kubana breki, wala hakumbuki kumwashiria aliye nyuma yake. Ikiwezekana, mpango ufanywe kinyume kabisa, yaani siku ya mwisho iwe fupi kuliko zote, ili mfike mchana mkiwa na nguvu na mwanga wa kutosha.

Katika kikao hicho hicho kila mtu aulizwe waziwazi ni sehemu gani ya mwili inayomsumbua. Siku za mwisho watu wengi huficha maumivu kwa kuogopa kuambiwa wapande gari, ilhali maumivu yanayotajwa mapema mara nyingi yana dawa rahisi. Nakumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa akiumwa goti upande wa mbele, chini kidogo ya pia ya goti, naye alikuwa amekwisha kuamini kwamba safari imemshinda. Tulipoitazama baiskeli yake tuligundua kwamba nguzo ya kiti ilikuwa imezama kidogo kidogo ndani ya fremu kwa mtikisiko wa barabara za changarawe, hata alama ya utepe aliyoibandika siku ya kwanza ikawa imemezwa kabisa. Kiti kikishuka, goti hulazimika kukunjika zaidi kila pedali inapofika juu, na mzigo huangukia sehemu ya mbele ya goti. Kikipanda mno, maumivu huja nyuma ya goti. Tuliifuta nguzo vumbi na mafuta, tukairudisha kwenye alama yake, tukakaza bolti, na baada ya siku moja ya kuendesha kwa gia nyepesi aliweza kuendelea na wenzake hadi mwisho.

Hata hivyo, kukirudisha kitu mahali pake ni jambo moja, na kuleta kitu kipya ni jambo jingine. Wiki ya mwisho si wakati wa kujaribu kiti kipya, viatu vipya wala usukani wa umbo tofauti, hata kama mwenzako anakusifia chake, kwa kuwa misuli na ngozi vimekwisha kuzoea kile ulichonacho. Michubuko na majipu ya makalio vishughulikiwe kwa usafi: suruali ya kuendeshea ifuliwe na kukauka kila siku, ngozi ioshwe na kupata hewa mara tu baada ya kushuka, na jipu lisitumbuliwe kwa mikono. Asiyeamini kwamba kidonda kidogo kinaweza kuamua mwisho wa safari kubwa atazame mashindano ya Tour de France ya mwaka 1989. Laurent Fignon wa Ufaransa alianza siku ya mwisho akiongoza kwa sekunde 50, zikiwa zimebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris, huku akiteswa na kidonda cha makalio, naye akashindwa na Greg LeMond wa Marekani kwa sekunde 8 baada ya zaidi ya kilomita 3,200. Wengi hukumbuka usukani maalumu wa LeMond uliompunguzia upepo, na ni kweli ulimsaidia, lakini mimi humfikiria zaidi yule aliyelazimika kukalia kidonda siku ambayo kila sekunde ilikuwa na thamani.

Kuna pia ganzi ya mikono, ambayo watu huipuuza kwa sababu haiumi. Ganzi inayoshika kidole cha mwisho na cha pete hutokana na kubanwa kwa neva ya alna, yaani mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo, kwenye kitako cha kiganja, pale unapoegemea usukani kwa saa nyingi. Badilisha mshiko mara kwa mara, legeza viwiko, na usiuache mzigo wote wa kifua ulalie mikono. Ikiwa vidole vimepoteza nguvu kiasi kwamba mtu hawezi kubana breki barabara, suala hilo si la uvumilivu tena, na mtu huyo asiruhusiwe kushuka mteremko mrefu hata kama zimebaki kilomita kumi.

Chakula nacho hudorora mwishoni, kwa kuwa mfuko wa pamoja umepungua na kila mtu anasema atakula vizuri akifika. Ikumbukwe kwamba misuli na ini huhifadhi takriban gramu 400 hadi 500 za glaikojeni, yaani wanga unaotunzwa mwilini, akiba ambayo huweza kwisha baada ya saa mbili hivi za kuendesha kwa nguvu, na haijali kama unakaribia mwisho au ndiyo kwanza unaanza. Endeleeni kula gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa barabarani, kama mlivyofanya mwanzoni.

Kuhusu baiskeli zenyewe, nina maoni ambayo mafundi wengine huenda wasiyapende. Sehemu kubwa ya vifaa vilivyochakaa inaweza kuachwa ilivyo hadi mwisho, isipokuwa vile vinavyobeba usalama wenu. Chukua mnyororo, kwa mfano. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa milimita 304.8, na ukipima kwa rula kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini ukakuta urefu umezidi hapo kwa milimita tatu, basi mnyororo umelika kwa asilimia moja na bila shaka umekwisha kuyala meno ya friwili, yaani gia za gurudumu la nyuma. Ukifunga mnyororo mpya juu ya friwili iliyolika namna hiyo, utaruka meno kila unapokanyaga kwa nguvu, na kuruka huko mlimani kunaweza kumwangusha mtu. Iwapo zimebaki siku chache na mnyororo wa zamani haurukiruki, usafishe, utie mafuta, umalize nao safari. Mnyororo na friwili vibadilishwe pamoja nyumbani. Breki na tairi, kwa upande mwingine, hazina msamaha. Raba za breki ambazo mifereji yake imefutika zibadilishwe jioni hiyo hiyo. Tairi la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi na hulika mapema, lakini kama una tairi moja zuri na moja bovu, lile zuri liwe mbele daima, kwa sababu tairi la mbele likipasuka usukani unakutoka mikononi, ilhali la nyuma likipasuka mara nyingi utaweza kusimama ukiwa juu ya baiskeli. Spoki nazo zipapaswe mojamoja kila asubuhi, kwani moja ikilegea, jirani zake hubeba mzigo usio wao na kukatika.

Mpangilio wa barabarani unahitaji uangalifu mkubwa kuliko wakati wowote. Kufikia mwishoni waendeshaji wamezoeana kiasi cha kukaribiana kupita kiasi, kwa sababu anayejikinga upepo nyuma ya mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, robo hata theluthi akiwa karibu sana. Faida hiyo ni ya kweli, lakini gurudumu lako la mbele likipita usawa wa gurudumu la nyuma la mwenzako na yakagusana, utakayeanguka ni wewe uliye nyuma, pamoja na wote wanaokufuata. Kwa hiyo ninashauri kwamba katika wiki ya mwisho nafasi ya urefu wa baiskeli nzima iachwe baina ya mtu na mtu, na kwamba wanapoingia mahali penye magari mengi waende katika makundi ya watu wanne au watano yanayoachana vya kutosha kuwawezesha wenye magari kupita. Mbele akae mtu mwenye mwendo wa wastani anayeijua njia, na nyuma kabisa akae mmoja wa wenye nguvu, kwa maana mwenye nguvu akiwa nyuma hakuna atakayebaki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, huamua kama watu wataagana vizuri. Karibu kila ziara ndefu huwa na waliolazimika kupanda gari kwa sehemu fulani, kwa ugonjwa, kwa ajali au kwa kuchoka tu, na huwa na wale walioendesha kila kilomita tangu mwanzo. Kadiri mwisho unavyokaribia, wale wa pili huanza kujihesabia, na wale wa kwanza huanza kujitenga, wakikaa kimya mezani kana kwamba hawastahili kupigwa picha ya pamoja. Nimeshuhudia urafiki wa majuma mengi ukipoa kwa sababu ya neno moja lililosemwa hadharani kuhusu nani ameimaliza ziara “kwa kweli”. Kiongozi asisubiri neno hilo litamkwe. Atangaze mapema kwamba kilomita 20 au 30 za mwisho zitaendeshwa na wote, kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na apange kituo cha mwisho cha kukutania ambapo hata aliyekuwa garini kwa siku kadhaa anashushiwa baiskeli yake ikiwa imejazwa upepo na kukaguliwa. Walioendesha njia yote wana haki ya kujivunia, tena wapongezwe kwa majina, lakini pongezi hizo zitolewe baada ya kufika, wala zisigeuzwe kuwa mpaka wa kuwagawa watu barabarani.

Wanaovuka nchi kutoka bahari moja hadi nyingine wana desturi ya kuchovya gurudumu la nyuma katika maji ya bahari wanakoanzia na la mbele katika bahari wanakomalizia. Ni desturi nzuri, ila maji ya chumvi hula chuma upesi, kwa hiyo baiskeli isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na mnyororo ukaushwe na kutiwa mafuta kabla ya kufungwa katika boksi. Maboksi yenyewe yatafutwe siku mbili tatu kabla, kwani maduka ya baiskeli huwa na yale ambayo baiskeli mpya zilikuja nayo. Mnapofungua pedali, kumbukeni kwamba ya kushoto ina uzi wa kinyume na hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Nimeona mtu mwenye nguvu akiikaza hadi ikahitaji bomba la chuma kuitoa. Betri za akiba za kuchajia simu hazikai katika mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, bali mnazibeba mkononi. Hesabu za mfuko wa pamoja zisomwe na kufungwa jioni moja kabla ya kufika, risiti zikiwa mezani, kwa kuwa deni dogo lililosahaulika ni gumu kulidai baada ya watu kutawanyika.

Baada ya kufika, msiache ghafla. Hamu ya kula ya mtu aliyekuwa akiendesha saa sita kwa siku haipungui siku anaposhuka kwenye baiskeli, na wengi hupata huzuni isiyo na sababu ya wazi katika wiki mbili za kwanza, kwa sababu wamepoteza kwa pamoja mazoezi, ratiba na watu waliokuwa wakiamka nao. Nashauri mwendeshe saa moja hivi kila baada ya siku moja, kwa mwendo wa taratibu, na mlale zaidi ya mlivyozoea. Nashauri pia kikundi kimteue mtu mmoja kabla ya kuagana, atakayempigia simu kila mwanakikundi baada ya siku kumi hivi, akianza na yule aliyeonekana kuwa mkimya siku ya mwisho, amuulize usingizi wake ukoje, goti lake linaendeleaje, na kama ameshaitoa baiskeli yake ndani ya boksi.