Jibu: Mdogo wangu anataka utawa ahudumie wagonjwa, si angesomea unesi tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako wa kike, aliyemaliza kidato cha sita hapa Moshi, aingie utawani wakati maskini na wagonjwa angeweza kuwahudumia akiwa nesi, akaolewa na kupata watoto wake. Naona wachangiaji wamegawanyika: wito usizuiwe, na wale wa "masista wanakula bata kwenye Land Cruiser". Hilo Land Cruiser nimeliendesha mimi. Nilikuwa dereva wa sista mmoja nesi kwenye huduma ya wagonjwa majumbani, miaka ile ukimwi unatumaliza, kabla na baada ya 2004 ARV zilipoanza kutolewa bure.

Gari lenyewe lilikuwa hardtop kuukuu la wafadhili. Likizima mtaa wa Pasua tunashuka kusukuma, na Sista naye anakunja mikono ya gauni anasukuma.

Asubuhi yeye ameshasali Masifu na kusikiliza Misa kabla mimi sijanywa chai. Tunaanzia soko la Mbuyuni kuomba maharage na mchele kwa wafanyabiashara waliomzoea (wengi wao Waislamu, na sikuwahi kuona wakimrudisha mikono mitupu), tunapita Memorial kutafuta mashuka ya mitumba, ndipo tunaingia Njoro, Pasua, siku nyingine tunateremka hadi Kahe. Akiingia kwenye nyumba, kitu cha kwanza ni kufunua sufuria. Hasalimii mgonjwa kabla hajajua jikoni kuna nini, maana mtu mwenye njaa utampa dawa atapike, au ataificha chini ya godoro akudanganye amemeza.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kisukari, mguu umeoza kidole. Bandeji ilikuwa inagandia kwenye kidonda. Sista hakuivuta hata siku moja. Alikuwa anailowesha kidogo kidogo kwa maji ya dripu mpaka iachie yenyewe, huku mzee anamporomoshea matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye anajibu, "Sawa babu, bado kidogo babu." Akimaliza anamwonyesha mkwe wa yule mzee namna ya kumgeuza ili asitoboke mgongo kwa kulalia upande mmoja, halafu anamsimamia afanye mwenyewe. Msidhani alikuwa malaika. Tukifika kwenye gari anabamiza mlango na kuniambia nisimsemeshe mpaka tuvuke daraja.

Sasa swali lako. Hayo yote nesi mwenye mume anaweza kuyafanya, na wapo wanaoyafanya vizuri kuliko masista wengine. Kwa hiyo kama mdogo wako anachotaka ni kuhudumia wagonjwa tu, apeleke maombi chuo cha uuguzi, asimsumbue Mungu. Tofauti iko kwenye nadhiri tatu za mtawa, yaani useja, ufukara na utii, na hapo watu wanaangalia isiyo yenyewe. Wote mnahangaika na useja. Ufukara nao, kwa mtoto aliyekulia kwenye familia ya watu tisa na kihamba cha migomba michache, si habari mpya, isipokuwa kwa jambo moja linalowahusu ninyi nyumbani: mshahara wake ni wa shirika. Hata akiajiriwa na serikali, hela inaingia kwenye mfuko wa masista. Desemba ndugu wote wakipanda mlimani na vibahasha vyao, yeye atakuja na rozari na picha za watakatifu. Mzee wenu ajiandae kwa hilo mapema, kwa sababu nimeona baba akimnunia binti yake miaka kwa ajili hiyo, wala si kwa kukosa mahari.

Mgumu ni utii. Yule Sista wangu alijenga ile huduma kuanzia na kikapu. Alijua nani anakunywa pombe na dozi, mtoto gani ameacha shule kumuuguza mama. Ikaja barua ya Mama Mkuu, kiongozi wa shirika lake: uhamisho, anakwenda kufundisha malezi ya kitawa kwenye nyumba nyingine ya masista, mkoa mwingine. Nesi wa kawaida angekata rufaa, angeleta cheti cha ndoa, angeacha kazi. Yeye alikabidhi daftari na funguo, akapanda basi. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Aliyempokea alikuwa mkavu, wagonjwa hawakumpenda, lakini mahesabu yake yalinyooka na dawa zikaacha kupungua. Sijui hilo niliweke upande gani.

Mtafute mdogo wako umuulize hivi: wakikutoa wodini wakakupeleka kulima mboga za konventi, utabaki? Akisita, asubiri.

Akisema ndiyo, hakuna haraka vilevile. Huku Kilimanjaro, tangu mapadre wa Roho Mtakatifu waingie Kilema mwaka 1890, hakuna ukoo usio na sista, kwa hiyo aanze na shangazi zenu. Kisha aombe kwenda kukaa na masista wakati wa likizo, awaone wakigombana jikoni. Unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri, haupungui miezi 12, na baada yake kuna nadhiri za muda, kwa kawaida miaka 3 hadi 6, kabla ya zile za daima. Muda huo ukiisha yuko huru kurudi nyumbani, na msimcheke akirudi. Kwa kuanzia atahitaji vyeti vya ubatizo na kipaimara na barua ya paroko. Cheti cha kipaimara aanze kukifuatilia sasa, hasa kama alikipokea akiwa bweni, maana huenda kumbukumbu ziko parokia ya shuleni.