Mwenyekiti anataka hivi, karani anataka vile: usifungue laptopu kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji, anatengenezea mfumo wa kompyuta chama cha msingi cha wakulima wa korosho, kila kiongozi anataka lake, anauliza amsikilize nani. Nikamwambia nenda kwanza kwenye mizani.

Mi nishafanya na AMCOS moja, ndo hivyo vyama vya msingi vya ushirika, huku Tandahimba. Karani wa mizani alitaka kilo zikishaingizwa ziweze kurekebishwa, mwenyekiti akasema zisiguswe kabisa, mhasibu yeye anataka kilo za ghala kuu tu, kule mzigo unakopelekwa ukitoka kijijini kusubiri mnada. Vikao haviishi. Na kuna kiongozi alinambia mbele za watu we kijana umeletwa kutengeneza mfumo sio kuhoji watu. Iliniuma, na bado inaniuma, maana maswali ndo kazi yenyewe.

Nikaenda kukaa ghalani siku ya kupokea mzigo. Nikamuuliza karani, mara ya mwisho hesabu zilipogoma ilikuaje? Akafungua kaunta buku lake, kilo zimekatwa kwa peni nyekundu ukurasa mzima, akasema mzigo ulipofika ghala kuu ulipungua na zile pungufu akadaiwa yeye. Basi nikaelewa kila kitu. Korosho isipokauka vizuri ukaipima hivohivo, ikikaa kwenye gunia inapungua uzito, na mnadani zinauzwa kilo za stakabadhi ya ghala kuu, wakati mkulima anadai zilizo kwenye risiti yake ya kijijini. Karani anaogopa kulipa, mwenyekiti anaogopa kuitwa mwizi kwenye mkutano mkuu, mhasibu anaangalia hela itakayoingia. Wote wanagombania unyaufu, yaani huo uzito unaopungua, na kwenye vikao vyote hakuna aliyeutaja!

Nikaweka kilo za kijijini hazifutiki, za ghala kuu zinakaa pembeni yake, tofauti inaonekana kwa kila mzigo. Nani aibebe hiyo tofauti, hilo nikawarudishia wanachama waamue wenyewe. Ubishi ukaisha na mfumo unatumika, najivunia sana hilo.

Kwahiyo vijana wenzangu tuache uvivu wa kuandika kila tunachoambiwa. Ukimuuliza mtu unataka nini atakutajia kitufe, muulize mara ya mwisho iliharibika wapi na nani alilipa. Muulize peke yake, sio mbele ya bosi wake. Na we wa Nachingwea wahi kabla ya Oktoba, minada ikianza hakuna karani atakayekuwa na muda na wewe.